Kofia ya Redio ya Amuri

Amuri alikuwa fundi wa kushona huku Kisangani, na kwa cherehani hakuwa na mwenziwe. Shida yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Huko fundi Désiré alikuwa amenunua gramofoni, na tangu siku ile wateja walivuka na vitambaa vyao, wapimwe viuno huku wakisikiliza rumba. Barazani kwa Amuri walibaki mbuzi.

"Muziki haishone suruali," alisema Amuri.

"Na wewe siku hizi haushone," akajibu mkewe, Madina.

Neno lile lilimchoma kuliko sindano. Akaagiza redio Ulaya.

Ikaja kwa ndege, wakati huko wazungu wanakanyaga theluji. Anselme, mpagazi wa uwanja wa ndege, aliileta juu ya kichwa, meno yanagongana.

"Papa Amuri, hii sanduku iko baridi sana. Masikio yangu sizisikie tena."

Amuri hakungoja. Majirani walikwisha kujaa, na Désiré alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kifuani. Amuri akang'oa misumari, akaitoa redio, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa ya mbao, inang'aa kama kiatu cha arusi. Halafu, mbele ya macho ya watu wote, ikaanza kutoka jasho. Kioo kikashika ukungu, yakaja matone, matone yakawa vijito, kama chupa ya limonadi ikitoka kwenye frigo.

"Iko na malaria," akasema Anselme.

"Mumupe kinini," akasema mwingine kutoka nyuma.

Amuri naye jasho lilikuwa linamtoka, maana Désiré sasa alikuwa anacheka. Akafunga waya kwenye betri haraka haraka, akanyoosha kidole kwenye kifungo. Madina akampiga kofi mkononi.

"Baba Fatouma, uko na akili? Mutoto anatoka tumboni mwa ndege sasa hivi, maji haijamukauka, unataka aimbe?"

"Hii ni redio, Madina."

"Na Fatouma siku ya kuzaliwa, tulimuimbisha?"

Akaichomoa waya, akaipakata redio. Ilipoinama, maji yakachuruzika kwa nyuma mpaka juu ya miguu ya Anselme.

"Amenikojolea," akasema Anselme.

Basi Madina akaipangusa, akaifunika kitambaa kikavu, akailaza chumba cha ndani na kushusha pazia, kama mzazi aliyejifungua jana. Na mzazi huku kwetu hatazamwi mikono mitupu. Colette muuza samaki akaleta chikwange ya muhogo. Wengine wakaleta ndizi. Waliingia wananong'ona.

"Anafanana nani?"

"Babake. Angalia masikio."

Na kwa kuwa wamekwisha kufika, huyu akakumbuka suruali iliyopasuka, yule akakumbuka kitambaa cha sikukuu. Amuri akawa anapima watu kwa kunong'ona, cherehani anaikanyaga polepole asimwamshe mgonjwa.

Mwisho akaja Désiré mwenyewe, maana kwake gramofoni ilikuwa inawaimbia mbuzi. Mkononi alishika kofia ya mahameli, pana, yenye pembe nne.

"Nilimupima kwa macho tu, siku ile," akasema.

Amuri akaigeuza ndani nje, akitafuta mshono mbaya. Hakuuona.

"Iko sawa," akasema, kwa shida.

Redio ilipokauka kabisa, Madina akakubali. Amuri akafunga waya, akabonyeza. Ikakohoa, ikapiga miluzi, halafu sauti ya mwanaume ikasema Kifaransa kirefu. Watu wakamgeukia Anselme, ambaye Kifaransa alikijua.

"Anasema kule kwao theluji iko naanguka. Anasema baridi ni kali sana."

Anselme akashika masikio yake.

"Munaona?" akasema Madina. "Baridi bado iko ndani yake."

Akaizima, akaivika kofia ya Désiré, akairudisha kitandani. Amuri alifungua kinywa abishe. Kisha akasikia barazani watu wanapiga hodi, vitambaa kwapani, wanauliza mtoto ameamkaje. Akafunga kinywa, akachukua futi yake, akatoka kwa kunyata.