Mjane Asiyelia

Mhariri alinipigia simu nikiwa sokoni Arua. Sauti tamu, maneno machungu. Alisema hadithi za yule mwandishi wa Ufini nimezitafsiri vizuri, ila ile ya mjane ina kasoro. Mume anakufa, majirani wanakuja wakikanyaga theluji, mjane anawamiminia kahawa, wanakunywa kimya, wanarudi kwao. Hakuna chozi hata moja.

"Wasomaji wetu watamwona mchawi," alisema. "Mlize kidogo, au tuitoe kitabuni."

Damu ilinichemka. Hadithi hiyo ilinitesa kuliko zote, kuanzia hiyo theluji, ambayo mimi naijua ndani ya friji tu. Nikapanda gari la Koboko kwenda kwa mama mdogo, maana nikikasirika huwa sina kwingine.

Nilimkuta uani akimenya karanga na jirani yake, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini. Nikawasomea. Nilipofika kwenye kahawa, jirani alitupa maganda chini.

"Huyo mwanamke iko na kitu! Bwana yake amekufa, yeye anapika kahawa? Machozi iko wapi? Ameua yeye."

Nikakunja karatasi zangu. Mhariri kashinda, niliwaza, na iliniuma sana.

Mama mdogo aliacha kumenya. "Soma tena ile ya kahawa," alisema.

Nikasoma. Kwetu mtu akifa ngoma hupigwa, watu hucheza mpaka vumbi litimke, na mjane hulia hadi asikike ng'ambo ya kijito. Mama mdogo alipofiwa na mume kule Vurra hakutoa sauti. Alikaa kando ya kaburi, macho makavu. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wakwe zake walimwambia toka, tena mchana kweupe, eti amemla mtoto wao kwa uchawi. Nyumbani sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake.

Sasa akalitaja mwenyewe.

"Mimi pia sikulia," alimwambia jirani. "Ule mutu nilipenda sana. Machozi ilikataa tu. Wakasema nimemukula."

Jirani alimtazama. Kisha akainama, akaanza kuokota maganda yake.

"Pole, mama," alisema. "Mimi sikujua."

Nikampigia mhariri palepale, simu nikaiweka kwenye spika. Nikamwambia mjane halii na hadithi haitoki. Akiitoa, basi na zile nyingine anirudishie zote.  Akaniuliza ni msomaji gani huko kwetu atakayemwelewa mwanamke wa namna hiyo.

Mama mdogo alijifuta mikono kwenye kitenge, akaisogelea simu.

"Iko moja hapa Koboko," alisema. "Ni mimi. Mimi walinifukuza. Huyu mama, wewe usimufukuze."