Mnandi Akianika

Kila nikikamua shuka lenye harufu ya sabuni ya mche, narudi Kawe, kwenye mto wenye mikoko nyuma ya nyumba tuliyopanga. Mie na mama tulikuwa tumehamia kutoka ziwani. Mama alikuwa hacheki, na nguo zetu nyingi zilikuwa bado kwenye mabegi, kana kwamba tungeondoka kesho.

Asubuhi moja ndege mweusi alisimama kwenye kisiki majini, mabawa kayatandaza, hatikisiki. Watoto wa jirani wakaokota mawe.

"Wa kichawi huyo! Ndege gani anasimama hivyo?"

Mie niliona kavunjika mabawa, nikakimbia kumwita mama. Alikuja na mapovu hadi viwikoni.

"Shikamoo mama," wakasema wale watoto, mawe wameyaficha mgongoni.

"Marahaba. Tupeni chini hayo mawe. Mtazameni mdomo, ncha imepinda kama ndoana. Huyo mnandi, kule kwetu ziwani wako tele. Anazama kufuata samaki, manyoya yanalowa chapachapa, akitoka anaanika."

"Kama nguo?" nikauliza.

"Kama nguo. Sasa mtu anaanika, nyie mnampiga mawe?"

Mnandi akakunja mabawa, akazama. Tukangoja. Akaibukia mbali kabisa, samaki akimetameta mdomoni, na mama akapiga makofi, mapovu yakaruka.

"Kumbe na wewe unaishi huku!" akamwambia, akicheka.

Tuliporudi nyumbani alifungua mabegi yote, akafua kila kilichokuwemo.