Shangazi wa Maziwa

Alizaliwa Jumanne, tarehe nne Februari mwaka 1941, katika nyumba ya udongo iliyopakana ukuta na zizi. Mkunga alipenda kusema kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia mtoto yule haikuwa ya binadamu, bali ya ng'ombe aliyekuwa akidai nyasi. Baba yake alilima mahindi na kufuga ng'ombe wawili. Mama yake alikuwa na jibu moja kwa kila jambo: "Osha kwanza." Ukitaka kula, osha kwanza. Ukitaka kukamua, osha kwanza. Binti alilishika neno hilo kama alivyoishika katekisimu, na katekisimu aliijua yote kwa moyo kabla hajatimiza miaka tisa.

Alipofika miaka kumi na tisa aliomba kuingia utawa. Alikaa na masista miezi minane tu, kisha habari ikaja kwamba mama yake amepooza na nyumbani hakuna wa kumgeuza kitandani. Alilia, wala hatuoni sababu ya kulificha hilo. Mama mkuu wa masista akamwambia, "Nenda ukamwuguze mama yako, mwanangu. Mungu hana mlango mmoja." Alimwuguza miaka kumi na mmoja. Mama alipofariki, binti alibaki kwa kaka yake, katika chumba kidogo nyuma ya zizi, na hakuolewa. Watoto wa kaka walimwita Shangazi, marafiki wa watoto wakaiga, wazazi wa marafiki nao wakaiga, hata akawa anaitwa Shangazi na mzee aliyemzidi miaka thelathini.

Mwaka 1974 wafugaji wa kijiji walianzisha ushirika wa maziwa. Walijenga banda la mabati, wakanunua tangi moja lenye mashine ya kupoza, wakapatana na kiwanda cha mjini kwamba gari lije kila asubuhi. Shangazi akachaguliwa kuwa mpokeaji. Alinusa kila ndoo, akaonja, akachuja kwa kitambaa cheupe, ndipo akamimina. Wenye utani walisema ukitia maji kwenye maziwa yako, Shangazi atakuambia umeyachota kisima gani. Lakini kuna kitu ambacho pua na ulimi haviwezi kukigundua, nacho ni dawa ya sindano. Ng'ombe akichomwa sindano, maziwa yake humwagwa siku nne. Ndoo moja tu ya maziwa hayo ikiingia tangini, tangi zima limeharibika.

Jaribu lake lilikuja Machi 1981. Kaka yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla, akaacha mke, watoto watano na ng'ombe mmoja. Wifi yake huyo alikuwa mchapakazi, ila ulimi wake ulikuwa mkali kuliko panga lake, naye alikuwa akimwita Shangazi "mtawa wa zizini," tena mbele za watu. Basi siku moja, Shangazi akiwa bandani, ng'ombe aliugua kiwele, na daktari wa mifugo akamchoma sindano. Alimwagiza wifi amwage maziwa siku nne. Wifi alimwaga ya siku ya kwanza. Siku ya pili aliwatazama watoto, akaitazama ndoo, akaipeleka bandani.

Kesho yake gari lilirudi likiwa limejaa. Kiwanda kilikuwa kimepima maziwa na kukuta dawa. Yalimwagwa mtaroni mbele ya wenyewe, na mtaro ukaenda mweupe mpaka darajani. Barua iliyokuja na gari ilisema wazi: mwenye kosa ajulikane na atolewe kwenye ushirika kabla ya Jumapili, ama sivyo gari halitakuja tena. Kaya sitini na mbili zilitegemea gari lile. Jioni hiyo, akifagia zizi, Shangazi aliona chini ya hori kichupa kitupu cha dawa. Alikiokota, akakifuta vumbi, akakitia mfukoni.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Mwenyekiti, seremala mmoja mpole, aliuliza mara tatu, na mara tatu watu wakatazama miguu yao. Hofu ina kelele zake, na siku ile sauti iliyopanda juu kuliko zote ilikuwa ya wifi. "Si tuna mpokeaji?" alisema. "Alikuwa wapi? Amelala?"

Shangazi alisimama. "Mpokeaji ni mimi," akasema. "Maziwa hayo yamepita mikononi mwangu, na niliyemimina ni mimi. Nitoeni mimi."

Wapo walioniuliza kama hapo alisema uongo. Nimeyapima maneno yale kwa miaka mingi, mimi niliyefundishwa kupima maneno, na sijaona hata moja lisilo la kweli. Alitolewa, na Jumatatu gari likaja. Watu waliokuwa wakimsalimia kwa furaha sasa walivuka barabara wakimwona, na akina mama waliwakataza watoto wao kumwita Shangazi. Yeye aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kuosha tangi na ndoo bila cheo chochote. Alikubaliwa upesi, maana kazi hiyo hakuna aliyeitaka. Aliifanya miaka kumi na tisa, kwa maji ya moto, akiwa amepiga magoti.

Mwaka 1987 mvua ilivunja daraja na umeme ukakatika. Tangi lilijaa, mashine ya kupoza ilikuwa kimya, na gari halikuonekana siku tatu. Siku ya nne mwenyekiti alifungua kifuniko akiwa ameshaziba pua. Maziwa yalikuwa mabichi, matamu, kama yaliyokamuliwa alfajiri ile. Mwenyekiti alivua kofia, akaketi chini penye matope. Wapo wasemao ni baridi ya mvua. Huenda. Lakini mvua ileile ilinyesha juu ya kila paa, na maziwa yote yaliyobaki majumbani yaliganda.

Baada ya hapo watu walianza kumsikiliza tena Shangazi, aliyeliosha tangi lile, naye akawaambia, "Aliyeficha dawa hakuwa mbaya. Alikuwa na njaa. Tukimlisha, ataficha nini?" Ndivyo ulivyoanza utaratibu uliopo hadi leo. Aliyechomewa ng'ombe sindano hufunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya lango lake, na kwa siku nne kila jirani humwekea hapo kikombe cha maziwa, ili naye apate cha kupeleka bandani.

Juni mwaka 2000 alishikwa na homa ya mapafu. Wifi ndiye aliyemwuguza, na siku ya mwisho, mchana, alimwinamia akasema, "Wifi, nina neno."

"Neno lako liko kwenye sanduku langu, chini ya shuka," Shangazi alijibu. "Lichukue ukalitupe."

Wifi alifungua sanduku, akakuta kichupa. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu jioni ileile."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Watoto walikuwa watano, wifi. Ungekwenda nao wapi?"

Alifariki kabla jua halijatua. Wifi hakukitupa kile kichupa. Makaburini, mbele ya kijiji kizima, alikiinua juu akasema, "Dawa ilikuwa ya ng'ombe wangu." Alirudi nyumbani peke yake, akafunga nguo zake kwenye shuka, maana alijua hukumu ya ushirika ni ipi, wala hakuona uso wa kubaki kijijini.

Alfajiri alitoka na mzigo wake kichwani, akafungua lango. Kwenye nguzo mtu alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Chini yake, kutoka langoni hadi barabarani, vilipangwa vikombe vya maziwa, vya bati, vya plastiki, vya udongo, vingine bado vinafuka mvuke. Vilikuwa sitini na kimoja, kimoja kwa kila kaya isipokuwa yake. Wifi alitua mzigo, akakaa penye umande, akalia kama mtoto. Ndiye aliyenisimulia haya yote, na ndiye aoshaye tangi sasa, kwa maji ya moto, akiwa amepiga magoti.

Kanisa halijatamka lolote juu ya Shangazi, nasi hatulitangulii. Lakini ndugu wapendwa, kosa la jirani likianguka mikononi mwetu, tukumbuke zile nyumba sitini na moja, zilizoamka kukiwa bado na giza na kukamua kwanza kwa ajili ya lango la mwenzao.