Chupa ya Mita Mia Tatu

Ofisini kwetu, kwenye taasisi ya utafiti wa bahari, tulimwita Bi Chupa, naye aliitika. Melini kazi yake ilikuwa moja: mtungi wa kuchotea maji ya bahari ukipandishwa kutoka kilindini, kuyateka kwenye chupa za kupimia, ya oksijeni kwanza, kisha ya chumvi. Maji ya kupima chumvi hata yakisubiri hayaharibiki. Ya oksijeni ukichelewa, hewa ya nje inaingia na kazi imekwisha. Ukimsemesha ameshika mpira wa kutekea, alikukata jicho, nasi tukajifunza kunyamaza. Tulijifunza kupita kiasi. Hata nchi kavu, meza zetu zikitazamana, ilikuwa salamu ya asubuhi, basi.

Safari ile tulipima pale mikondo miwili inapokutana, maji ya chumvi nyingi yakipita chini ya yale mepesi. Kwenye mita mia tatu, ambako oksijeni huwa haba, chupa moja ilionyesha oksijeni tele. Mkuu wetu hakutulia kwa furaha. Kwake huo ulikuwa ugunduzi: maji mapya kutoka juu yamepenya katikati! Akaanza ripoti kabla hata ya kunywa chai, na mimi, kwa kujipendekeza, nikamchorea ramani ya rangi.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Bi Chupa alisimama mlangoni pa mkuu, hatua mbili kutoka mezani kwangu.

"Mkuu, ile chupa ifute. Niliteka ya chumvi kwanza. Ya oksijeni nikachelewa."

"Wewe? Miaka ishirini na mbili hujawahi kukosea!"

"Basi nimekosea."

Angenyamaza, nani angejua? Mkuu naye si mtu wa kumeza hasira. Alimwambia papo hapo kwamba safari ijayo ataenda mwingine. Na safari hizo ndizo zilizokuwa maisha ya mama wa watu.

"Kwani ulikuwa unafanya nini?" mkuu akauliza.

"Yule mpishi mgeni wa meli alipita. Akaniuliza, 'Nyumbani hawajambo?' Nikamwambia niko peke yangu tangu mume wangu afariki. Akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani." Akafuta mikono kwenye koti lake la kazi, ingawa ilikuwa mikavu. "Nikawa namweleza."

Niliinamia ramani yangu kwa aibu. Miaka sita tumetazamana, na sikujua kwamba aliwahi kuolewa.