Nyasi Zisizokauka

Kwa mama yangu, kijijini Kishanda, sakafu haikufagiliwa, ilibadilishwa. Kila Jumamosi tulipanda rweya, yale malisho ya wazi juu ya vijiji vyetu, tukakata nyasi ndefu kwa mundu, tukashuka na mizigo kichwani huku shingo zikiwasha. Nyasi za wiki iliyopita zilitupwa migombani. Mpya zilitandikwa kuanzia chumba cha ndani hadi mlangoni, ncha zote zikielekea upande mmoja, na ole wako uzitandike kinyume! "Nani atakuoa wewe?" mama aliniuliza, utadhani wanaume wa Muleba nzima walikuwa wanapita kukagua nyasi.

Nilizichukia, nasema ukweli. Zilinikata vidole, na kila Jumamosi niliapa kwamba nikiwa mtu mzima nitakaa kwenye nyumba ya saruji tupu. Nimekaa, na sasa mama hayupo. Nikipita hapa Kibeta, Bukoba mjini, mahali mtu amefyeka majani baada ya mvua, nasimama katikati ya njia nanusa mpaka pikipiki zinanipigia honi. Nazitukana kidogo, halafu naendelea kunusa.

Nilisoma nikawa mwalimu wa kemia, kwanza Kamachumu, halafu Bukoba mjini. Katika kemia yote hakuna nilichokipenda kama polima. Nilikuwa nachomoa uzi mmoja kwenye kiroba cha mbolea, nauinua juu, naacha Kiingereza cha mtaala pembeni na kusema: "Huu ni mnyororo. Chembe ndogo ndogo zimeshikana mikono na hazitaki kuachiana." Kisha nawaita wavulana wawili wenye nguvu wauvute, nao wanahangaika weee, uzi haukatiki. Aliyesinzia kwenye kipindi cha asidi nilimvumilia. Aliyesinzia kwenye polima alitoka nje.

Nyumbani kwa mama nilikuwa kama wakala wa vitu hivyo. Mimi ndiye niliyepeleka turubai la kuanikia kahawa, ikawa mvua ikija ghafla analikunja na kahawa yake ndani badala ya kukimbizana na mikeka. Mimi ndiye niliyepeleka kamba ya manila, maana ile ya maganda ya mgomba mbuzi alikuwa anaikata, halafu anaila. Nilipeleka neti ya mbu ambayo dawa imo ndani ya nyuzi zenyewe, na nikamwelezea mama jinsi ilivyoingizwa humo, kirefu, mpaka akasinzia. Yeye sikumtoa nje. Kila kitu alikipokea kwa mikono miwili. "Kasinge, mwanangu," alishukuru kwa Kihaya, kisha akaongeza kwa Kiswahili ili lisipotee neno: "Aliyevumbua hiki alilelewa vizuri." Basi kichwa kikanivimba.

Baadaye magoti yake yalichoka. Na rweya iliyokuwa karibu ikapandwa mipaini na mikaratusi, nyasi zikabaki mlima wa pili. Hapo ndipo jirani alipojitwika kazi ile. Alikuwa mjane wa umri wa mama, kibanja chake kimepakana na chetu. Kila Jumamosi alipanda huko na kurudi na mzigo kichwani, wakatandika wote wawili, kisha wakakaa juu ya nyasi mpya wakinywa chai na kusengenya usharika mzima wa Kilutheri, kuanzia kwaya hadi wazee wa kanisa, mpaka jua lilipopinda.

Siku moja mama aliniambia, "Nyasi zimekuwa mbali. Namwonea huruma mwenzangu." Mimi ni mwalimu. Nikisikia tatizo, natafuta jibu.

Jibu nililikuta mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, wa zile familia chache zilizobaki, anayezungumza Kihaya safi kuliko wanangu. Nyuma ya meza yake kulikuwa na robota la kapeti la nyasi bandia, lile la kupambia kumbi za harusi. Nilipitisha mkono juu yake. Nyuzi za polithini, laini, zimeshonwa moja moja kwenye kitambaa cha plastiki na mgongoni zimeshikwa kwa gundi ya mpira. "Mwalimu, hii hainyauki, haiozi, panya hali," mzee alisema. Bojo! Nilikaribia kulia pale dukani. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha kitu ambacho siku moja kingempumzisha mama yangu.

Niliitandika mwenyewe, siku mbili kabla ya Pasaka. Nilipima, nikakata kwa kisu, nikaingiza hadi kwenye kona, na nikahakikisha ncha zote zinaelekea upande mmoja. Mama alivua ndala, akakanyaga taratibu. Aliinama, akagusa, akanusa vidole vyake.

"Hazina harufu," alisema.

"Ndiyo uzuri wake, mama. Hakuna vumbi, hakuna viroboto, hakuna mtu kupanda mlima."

Wakati huo mbuzi aliingia, akang'ata pembeni, akavuta, akatuangalia kama mtu aliyetapeliwa. Tulicheka sana, mama na mimi. Watu walikuja kuangalia kwa wiki nzima, nami nikarudi Bukoba nikitembea kifua mbele.

Tangu hapo nilimpigia simu kila Jumamosi jioni. "Leo ulikuwa na nani?" namuuliza. "Jirani ndio kwanza ametoka," anajibu. Kisha ananipa mazungumzo yao yote, nani kasema nini, wapi walibishana, wapi jirani alicheka. Nilikuwa nazisubiri simu zile wiki nzima. Nilimwona mama yangu amekaa vizuri, hana shida ya nyasi, ana rafiki, ana chai. Sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Shule zilipofunga Desemba nilikwenda bila kutoa taarifa, nikafika Jumamosi alasiri. Nikipita barabarani nilimwona jirani kwenye maharage yake, jembe mkononi, matope hadi magotini. Nikampungia. Nyumbani nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda mlangoni, ameelekea njia. Nyuma yake zile nyasi zilikuwa za kijani vilevile kama siku nilipozileta.

"Uko peke yako?"

"Jirani ndio kwanza ametoka," alisema.

Damu ilinipanda. Lakini sikumkasirikia mama, nilimkasirikia yule mwenzake. Nilivuka migomba kwa hasira, sikusalimia vizuri hata kidogo, nikamuuliza pale pale kwenye maharage: mama yangu amekukosea nini mpaka umeacha kumtembelea?

Jirani aliweka jembe chini. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Nilikuja, mwalimu. Jumamosi ya Pasaka nilifika mlangoni na mzigo kichwani. Nikachungulia, nikaona chini kuna nyasi mbichi. Nikajua mmenipumzisha."

"Si ungeingia tu?"

"Niingie mikono mitupu? Nikae kwenye nyasi ambazo sikuzileta wala sikuzitandika? Ningeonekana nafuata chai, waitu, jamani. Ule mzigo niliwapa ng'ombe." Alitazama upande wa nyumba yetu. "Kwani hajambo lakini?"

Aliniuliza mimi, niliyetoka Bukoba, habari za mtu ambaye moshi wa jiko lake anauona kila siku. Tangu Pasaka hadi Desemba. Kusimamisha watu kazi kwetu ndiyo tunaita kuwapumzisha, na mimi niliyafanya hayo bila kuandika hata barua. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Sikujua hata niombe msamaha kwa lugha gani, Kihaya changu kilipotea chote.

Nilirudi nikaanza kuing'oa. Gundi ilikuwa imeshika sakafu kwenye kona, nikavuta kwa nguvu, nikalia, nikavuta tena. Mama alinifuata kwa fimbo yake.

"Iache, mwanangu. Umeihangaikia sana."

"Mama, kwa nini ulinidanganya? Kila Jumamosi!"

"Ungekuja kuitoa, kama unavyofanya sasa. Na ulikuwa unaipenda. Ulikuwa unaisifia kwenye simu kama mtu aliyepata mjukuu." Alikaa kwenye kigoda. "Halafu si uongo wote. Nilikuwa naongea naye kweli. Naweka vikombe viwili, naongea naye. Ni yeye tu ambaye hakuwepo."

Nilikaa chini kwenye saruji tupu niliyoitamani tangu utotoni, nikashika miguu ya mama yangu.

Jumatatu nilipanda mlima wa pili na jirani. Yeye alikata, mimi nilikata vibaya, akanirekebisha bila aibu mbele ya wachunga ng'ombe. Tulishuka na mizigo miwili. Alipofika mlangoni hakuchungulia. Alipiga hodi kwa sauti ya mtu mwenye haki yake, akatua mzigo, na wale wazee wawili wakapiga magoti wakaanza kutandika kutoka ndani. Mimi nilifukuzwa jikoni nikachemshe chai. Harufu ilinifikia huko huko.

Nilipoleta vikombe walikuwa wamekaa, migongo ukutani, miguu imenyooshwa. Mama alikuwa anaongea bila kupumua. Alianza na Mei, akaenda Juni, na mimi nilizijua habari zote, maana zilishanifikia kwenye simu. Alifika kwenye ile ya kuku aliyetagia yai ndani ya kikapu cha sadaka, mzee wa kanisa akalibeba hadi madhabahuni bila kujua. Akaanza kucheka mwenyewe kabla hajamaliza, akampiga jirani begani.

"Wewe siku ile ulicheka!" alisema. "Ulicheka mpaka chai ikakupalia."

Jirani alishusha kikombe. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mama, muda mrefu.

"Nilicheka, waitu," alisema. "Nilicheka sana. Hebu rudia."