Maji ya Muthokoi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mwanangu, nikiwa kijana mwenye tisheti mpya na mdomo mkubwa. Nilikuwa nimejiunga na klabu ya kujitolea pale Kitui mjini, na safari yangu ya kwanza ilikuwa kupanda miti katika shule moja ya msingi ng'ambo ya Mutomo. Ukame umeshika, mbuzi wanatafuna karatasi, na sisi tunapeleka miche. Hatukuwa tumeuliza mtu.

Tulipomaliza kupanda, nikaona madumu madogo ya maji yamepangwa kando ya jiko la shule. Nikafurahi. Nikawaambia watoto wayalete wamwagilie miche, mwenzangu apige picha. Watoto wa kwetu wana adabu, mgeni akisema wanatii. Walimwaga mpaka tone la mwisho.

Mpishi wa shule, bibi ambaye wote walimwita Susu, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nikangoja kushukuriwa.

"Kijana," akasema polepole, "hiyo maji kila mtoto amebeba kutoka nyumbani, ya kupika muthokoi, mahindi na maharagwe yao ya mchana. Sasa watakula nini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wengi wao hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu mlo wa shule wa jana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja na njaa.

Watoto wakubwa wakaokota madumu bila kuambiwa, wakashika njia ya mtoni, nami nikawafuata na mawili. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Unachimba, unapiga magoti, unangoja maji yajikusanye kidogo kidogo. Msichana wa darasa la tano, Mwende, midomo imemkauka, akachota kikombe cha kwanza. Nilidhani atakunywa. Akaninyooshea mimi kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwalimu. Wewe ni mgeni."

Nilikunywa, nikamrudishia kikombe. Tangu siku hiyo nimeona klabu yetu ikijenga matangi na madarasa, na tepe nimekata nyingi, lakini sijaona ukarimu uliozidi ule, na bado unanishangaza. Muthokoi uliiva saa tisa, na Susu alinipakulia kama wengine. Miche yenyewe mbuzi waliimaliza wiki hiyo hiyo.

Basi wewe uliyejiunga na klabu majuzi, nisikilize. Kutoa ni moyo, si utajiri. Ukifika shuleni, kabla hujashusha mzigo wako, pitia jikoni kwanza uulize. Yule unayemwita maskini ana kitu alichobeba tangu alfajiri, na usipouliza utakimwaga ukidhani unamsaidia.

Mungu akupe mikono ya kutoa, mwanangu, na akupe unyenyekevu wa kupokea kwa aliye na kiu kuliko wewe.