Daftari la Mashauri

Mwanangu yuko gredi ya sita. Mwalimu wake wa Kiingereza aliwapa kazi ya nyumbani: waandike mashauri matano waliyosikia nyumbani wiki ile, kila moja liwe na "should" au "ought to". Mzazi asome, kisha atie sahihi. Nilimaliza fomu foo, Kiingereza hakinisumbui. Nikakaa barazani, pale kwa wakwe zangu Magogoni, na kalamu mkononi.

La kwanza, bibi anywe dawa baada ya kula. La pili, mama apunguze chumvi. Sawa. La tatu, kwa Kiingereza safi: inafaa tumpeleke msichana Mtongwe kabla mamake hajajua.

Nikalisoma mara tatu. Msichana katika nyumba ile ni mmoja tu. Na Mtongwe anakaa wifi yangu, ambaye hana mtoto. Wiki ile alikuja mara mbili, na kila nikiingia jikoni mazungumzo yakageuka yakawa bei ya nazi.

Nikaingia ndani na daftari. Mavyaa, mamake mume wangu, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kiingereza hakijui, ndiyo maana daftari lilikaa mezani siku mbili na hakuna aliyelificha.

"Mama, mwanangu anapelekwa Mtongwe lini?"

Hakuacha kukuna. "Nani kakwambia?"

"Mjukuu wako kaandika."

"Mtoto wa kwanza wa kike hulelewa na shangaziye. Hata mimi nililelewa hivyo, na sikufa."

"Mngeniambia."

"Tungekwambia, ungekubali?"

"La."

"Haya basi."

Nikampigia mume wangu, yuko Qatar kikazi. Nilimuuliza tu, "Umesikia habari za mwanao?" Akasema nisiwe na haraka, dadake ana upweke. Sikuwa nimetaja Mtongwe wala dadake.

Mtoto nilimkuta uani. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilikatazwa kusema," akajibu, macho chini. "Kuandika sikukatazwa."

Jioni ile ile nilifunga nguo zetu tukaenda kwa mama yangu, Kiembeni. Mavyaa ametuma maneno kwamba nimevunja ada. Nimevunja, naam. Juzi wifi alikuja na viatu vya shule vipya, saizi ya mwanangu kamili. Nikamrudishia pale pale mlangoni. Sijui ni nani aliyempima mguu, lakini mtoto simwachi tena na mtu wa ukoo ule, hata kwa muda wa mimi kwenda msalani.